Nilikwenda Kambini na Mkeo, Yona

Tabora, Jumatano asubuhi

Yona, mtani wangu,

Watoto niliowafundisha kuandika barua niliwaambia waanze kwa kuuliza hali ya wanayemwandikia. Hali yako naijua. Umelala upande wa mashariki wa makaburi ya misheni, udongo umetitia kidogo baada ya mvua, nami nimeongeza mawe upande wa miguuni. Basi nianze na hali yangu. Mwili ni mzima, lakini tangu Jumamosi kuna jambo linanitafuna, na sina mwingine wa kumwambia lote ila wewe, ingawa wewe ndiwe ningependa usilijue.

Nilikwenda Kambini na mkeo. Tulishinda huko kutwa. Nilifurahi.

Nimeyaandika hayo haraka kabla mkono haujakataa. Sasa nivumilie nieleze taratibu, maana kueleza ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote, na huko uliko huwezi kunikatiza kwa lile neno lako, "Mwalimu, kengele imelia, waache watoto waende nyumbani."

Kwanza bustani yenyewe, kwa sababu hukuiona ikimalizika. Ulipokufa, wafungwa walikuwa bado wanafyeka kile kiwanja kikubwa cha kambi ya misafara, ng'ambo ya soko, kuanzia mizambarau ya Waarabu hadi kijitoni. Wewe ulishikilia kwamba wanatengeneza uwanja wa mpira wa wazungu. Ulikosea. Ni bustani ya mji. Wamechonga njia na kuzipangia mawe yaliyopakwa chokaa, wamepanda maua na mikrismasi, na mlangoni wameweka ubao wenye jina la mke wa bwana mkubwa mmoja. Jina hilo hakuna anayeliweza. Watu wanasema "Kambini" kama walivyosema tangu zamani. Jambo jema ni kwamba hawakubomoa vitu vya kale. Kisima cha wapagazi kipo. Gofu la tembe la yule Mwarabu mfanyabiashara wa pembe lipo. Handaki la Wajerumani nalo lipo, limeota majani laini ya kulalia. Mtu akitaka kuizunguka bustani yote bila haraka, siku nzima inamwishia humo.

Tena lazima niseme juu ya utani wetu. Najua unaujua. Lakini nikiuruka, jambo hili halitaeleweka hata kwangu mwenyewe.

Wewe Mgogo, mimi Mnyamwezi. Baba zetu walikutana njiani. Wangu alikuwa na pembe ya ndovu begani, anaelekea pwani. Wako alikuwa amesimama kisimani, anadai hongo, ule ushuru wa njia, kabla hajamruhusu kunywa. Waligombana, wakachoka kugombana, wakaanza kutaniana, na sisi tukazaliwa ndani ya utani huo kama mtu anavyozaliwa ndani ya nyumba. Mtani humwambia mwenzake lolote. Huingia kwake akachukua kitu akaenda nacho. Na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Hucheka, kisha hutafuta neno kali zaidi la kurudisha. Akinuna, ameharibu, na wazee watamcheka yeye.

Ulipopewa kazi ya kutunza pampu ya maji ya treni, nilisimama mbele ya stesheni nzima nikasema Tabora imekwisha, Mgogo amekabidhiwa maji, tutakufa wote. Ukanijibu kwamba ndiyo maana nimekuwa mwalimu: kichwa cha Mnyamwezi hakiwezi kukaa bila kitu juu, kimekosa pembe kimewekewa vitabu. Masetla wa Kigiriki waliokuwa wakisubiri treni walitutazama wakidhani tutapigana.

Na kwa miaka yote hiyo, kila nilipoingia kwako, nilisema neno lilelile: "Nimekuja kumtazama mke wangu. Usimchoshe kwa kazi." Nawe ulijibu, "Subiri zamu yako." Mama Tabitha mwenyewe alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nami nikajibu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," wala hakuna aliyekubali kupokea salamu ya mwenzake. Kisha ananiambia, "Haya Mpagazi, tua mzigo ukae." Mke wangu Rebeka alikuwa hai siku hizo, naye alicheka kuliko sisi sote.

Msibani kwako nilifanya kazi ya mtani, na niliifanya vizuri. Nilivaa kofia yako ya reli. Nilitembea mbele ya waombolezaji bega la kushoto limeshuka, kama ulivyotembea wewe, nikiwakemea watu wasimalize maji. Nililala kando ya kaburi nikakataa usifukiwe mpaka ndugu zako waniletee kuku. Waliponiletea nikalalamika kuwa amekonda kama Mgogo. Halafu nikasema kwa sauti, "Na huyu mjane msihangaike naye, ana mwenyewe." Watu walicheka na machozi yanawatoka. Mama Tabitha, ambaye alikuwa hajainua uso tangu asubuhi, aliinua uso akacheka. Hiyo ndiyo maana ya mtani msibani. Anafungua mlango kidogo, watu wapate hewa.

Siku ile nilisema neno lile kwa moyo safi kabisa, Yona. Nataka ulijue hilo.

Mwaka ukapita. Tulifanya ibada ya kumaliza msiba, mkeo akavua nguo nyeusi. Ijumaa iliyopita binti yako Tabitha alikuja kwangu na mtoto mgongoni. "Shikamoo Baba," akasema. "Mama anashinda ndani mno. Kesho mpeleke Kambini umweleze yale mambo yako ya zamani. Angalau atapata usingizi." Amerithi ulimi wako. Nikamuuliza, watu hawatasema? Akacheka. "Waseme nini? Nyinyi si watani?"

Ni kweli. Mwanamume mwingine yeyote wa umri wangu, mgane kama mimi, angeonekana anatembea kutwa na mjane wa rafiki yake, habari ingefika Kipalapala kabla ya jua kutua. Mimi naweza kutembea naye katikati ya mji mchana kweupe, nikasema maneno ambayo mwingine angepelekwa nayo mbele ya wazee wa kanisa, na watu watacheka tu. Nimejificha nyuma ya kitu kikubwa kuliko ukuta.

Jumamosi jua lilitoka zuri, lile la baada ya mvua, majani yanang'aa na barabara haina vumbi. Mkeo alivaa khanga ya bluu, viatu vya Jumapili, na alibeba kikapu. Mlangoni pa bustani anakaa askari, bwana mmoja wa Isikizya mwenye tarbushi. Nilimfundisha zamani. Akasimama, akaniamkia, kisha akamtazama mkeo, akajua ni Mgogo kwa masikio yaliyotobolewa.

"Mwalimu, huyu Mgogo umemwokota njia ipi?"

Mama Tabitha alimjibu kabla sijafungua kinywa. "Sikuokotwa. Nimekuja kudai hongo kwa Wanyamwezi waliopita kwetu bila kulipa. Naona nianze na wewe, una kofia nzuri."

Yule bwana alishika tarbushi yake kwa mikono miwili. Alipomaliza kucheka akaniuliza, "Ndiye mkeo siku hizi?"

Nikasema, "Ndiye. Nimemrithi."

Tukacheka sote watatu, tukaingia. Lakini lile neno halikupita kama linavyopita siku zote. Lilibaki mdomoni, na lilikuwa tamu. Hapo ningepaswa kusema kichwa kinauma, nimrudishe nyumbani. Sikusema. Niliendelea kutembea.

Tulianza kwenye tembe. Nilimweleza jinsi walivyolaza magogo ya mninga kuwa paa na kuyashindilia udongo, jinsi ua wa ndani ulivyokuwa umezungukwa na vyumba, na kwamba pembe zilizikwa chini ya sakafu kwa kuogopa wezi na moto. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na choo kilikuwa wapi? Maana hata tajiri ana tumbo." Nilizunguka magofu yale kutafuta choo cha Mwarabu aliyekufa zamani, mimi na suti yangu, naye akinielekeza kwa kidole, "Pale, Mpagazi. Hapana, pale, nusa vizuri."

Tulikwenda kwenye mafiga. Unayakumbuka, yale mawe matatu matatu yaliyotapakaa chini ya mizambarau, ambapo wapagazi walipika. Wafungwa hawakuyaondoa, na mengine yana masizi mpaka leo. Nilimwambia huenda baba yangu alipika hapa, safari ile aliyorudi pwani na kitambaa cha mahari. Nilisema kwa upole, nikitaka aguswe. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akafikiri, akasema, "Babu yangu ndiye aliyemnyima maji. Alifika hapa amekauka hivyo, hata uji hakuweza kumeza. Pole sana." Yona, nilicheka hadi nikakaa chini kwenye majani. Sijacheka hivyo tangu Rebeka aondoke. Nilikaa pale nafuta macho kwa leso, jua linanipiga mgongoni, na nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana siku nyingi.

Kwenye handaki nilimpa mkono kumshusha, kwa kuwa majani yalikuwa na umande. Alipofika chini sikuuachia mara moja. Naye hakuuvuta. Nilikuwa namweleza juu ya vita, nani alilala wapi na bunduki zilielekezwa wapi, na ninajua nilisema mambo mengi, lakini ukiniuliza leo nilisema nini siwezi kukuambia.

Kutoka hapo tukashuka bwawani, ambapo kijito wamekizuia na kupanda yungiyungi. Kulikuwa na korongo amesimama kwa mguu mmoja, shingo ameipinda, anatazama maji kwa hasira. Mkeo akasema, "Mwalimu wa kwaya huyo. Anasubiri besi waingie." Alikuwa mwalimu wetu wa kwaya hasa. Nikajiambia, hili nitamsimulia Yona jioni.

Ndipo nikakumbuka.

Sijui niliandikeje. Tangu kwenye tembe hadi pale bwawani ulikuwa hujapita kichwani mwangu hata mara moja kama mtu aliyekufa. Nilikuwa nimekuweka nyumbani, pampuni, mahali popote ulipo siku zote, ukinisubiri nije na hadithi. Nilikuwa nimeshika kikapu cha mkeo, nimecheka na mkeo, nimeshika mkono wa mkeo, na nikataka kuja kukusimulia jinsi siku ilivyokuwa nzuri. Nikasema tukapumzike kisimani.

Njiani kuna viti vya mbao vilivyopakwa rangi ya kijani. Askari alikuwa ametuonya kwamba hivyo ni vya wazungu wakija na watoto wao, basi tukakaa kwenye ukingo wa kisima, ambako mawe yamechimbika mifereji kwa kamba za watu waliovuta maji. Alitoa karanga za kuchemsha. Mimi nilitoa matobolwa, vile viazi vyetu vitamu vya kuchemsha na kukausha. Akakitazama kimoja, akakigonga kwenye jiwe, akasema sasa anaelewa kwa nini wapagazi walifika pwani: walikuwa wanakimbia chakula cha nyumbani.

Baadaye akaacha utani. Alikuwa anamenya karanga bila kula, anaziweka kwenye kiganja.

Akasema mwanao Mika ametuma neno. Anataka mama yake akahamie kwake Dodoma, nyumba ipo, na wajukuu hawamjui bibi yao. Treni ni Alhamisi. Tabitha bado hajui kuwa mama yake amekubali.

Kisha akaniita Mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo, nawe ni shahidi. Maisha yote nimekuwa Mpagazi.

"Mwalimu," akasema, "lile neno ulilosema msibani, na ulilolisema leo pale mlangoni. Unalisema kama mtani?"

Hakuwa anacheka. Alinitazama usoni, na zile karanga zimo kiganjani mwake.

Nilijua jibu. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Na nilichofanya, Yona, nilivua kofia, nikaikung'uta, nikasema: "Mama Tabitha, mimi nina mtungi mmoja tu wa maji ndani. Nikimwingiza Mgogo, nitaishi siku ngapi?"

Akacheka. Ilimbidi acheke. Mtani hana ruhusa ya kukasirika, nimeshaeleza. Aliuliza jambo la kweli, ambalo mwanamke wa umri wake na heshima yake haulizi kwa urahisi, nami nikamtupia utani, na sheria yetu ikamlazimisha aupokee kwa meno nje. Nilimfunga mdomo kwa desturi ya baba zetu. Hakuwa na pa kutokea. Alicheka vizuri, akarudisha na neno, kwamba mtungi wangu wenyewe unavuja. Halafu akazimwaga zile karanga kikapuni, akasimama, akakung'uta khanga.

Njia nzima ya kurudi alizungumza juu ya safari. Kama achukue jiwe la kusagia au amwachie Tabitha. Kama Dodoma kuna baridi mwezi huu. Aliniita Mpagazi tena, kwa adabu kamili. Mlangoni kwako hakuniambia nitue mzigo. Aliniambia kwaheri.

Jumapili, Jumatatu na jana nilijieleza mwenyewe, kama nilivyozoea kueleza kila kitu. Nilijiambia nilinyamaza kwa ajili yako. Ndiyo, kwa heshima ya rafiki. Mtu hamtamani mjane wa mtu aliyemfunga sanda. Nililipenda jibu hilo. Lilinifanya mtu mwema. Lakini nimesahihisha madaftari mengi, nalijua jibu lililonakiliwa. Pale kisimani sikukufikiria wewe. Niliogopa. Niliogopa atasema hapana, na niliogopa zaidi atasema ndiyo, na kwamba watu wataacha kucheka. Halafu nikakuchukua wewe, usiyeweza kujitetea, nikakusimamisha mbele yangu kama ngao. Nimekukosea mara mbili: kwa kumtaka, na kwa kukusingizia.

Na liko la tatu, ambalo ndilo linalonila hasa. Ulipougua kifua nilikuja kila siku baada ya shule. Nilikuja kwako. Lakini ziko siku ulizolala mapema, na mimi sikuondoka. Nilikaa uani nikimsaidia kupepeta mchele na kumtania. Hakuna baya lililotendeka wala kusemwa. Ila sasa, nikigeuka kutazama nyuma, sioni mpaka. Sijui ni mchana upi niliacha kuja kwa ajili yako peke yako. Natafuta, natafuta, sioni.

Nakumbuka pia siku uliyokuwa na nafuu kidogo, umeegemea mito, nikaingia na neno langu la siku zote. Hukusema "subiri zamu yako." Ulikohoa, ukanitazama, ukasema, "Subiri angalau nipoe." Tulicheka sana, mpaka Mama Tabitha akaja na maji kukuokoa. Mara nyingi wiki hii nimelishika neno hilo nikaligeuza huku na huku. Ningeweza kulifanya ruhusa. Lakini ulikuwa mtani, na mtani husema lolote. Sitalitumia. Kama lilikuwa utani, nitakuwa nimekuibia. Kama lilikuwa kweli, ulipaswa kunipiga kofi.

Leo alfajiri nilikwenda kwa mdogo wako Lazaro kabla hajaingia kazini stesheni. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba yako sasa, na jambo la namna hii huanzia kwake. Nilimkuta anapiga mswaki uani. Nikamwambia, "Lazaro, nimekuja juu ya mke wa kaka yako. Nataka kumwoa."

Alicheka hadi akatema dawa ya meno kwenye shati. "Mzee, hata asubuhi yote hii?" akasema. "Ngoja basi nivae, nikutafutie kuku." Akamwita mkewe aje asikie mambo ya Mnyamwezi. Mkewe akaja na sufuria mkononi, naye akacheka.

Mimi nilisimama tu. Sikutabasamu, sikuongeza neno. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo, kusimama mbele ya kicheko bila kukisaidia. Kikapungua. Kikabaki kidogo. Mkewe ndiye aliyeacha kwanza, akaweka sufuria chini. Lazaro akanitazama.

"Mwalimu, unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Akajifuta mdomo polepole. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Alisema, "Kaka angekutukana."

Nikasema, "Najua."

"Halafu angekukaribisha chai." Akaangalia pembeni, macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Kamwambie mwenyewe. Mimi si mtu wa kumfunga shemeji yangu kamba."

Basi nimekaa hapa nimevaa koti, nakuandikia wewe kwanza. Nikimaliza ukurasa huu nakwenda.

Mchana

Nimerudi.

Alikuwa anakunja koti lako la reli, anatafuta pa kuliweka. Kulikuwa na sanduku wazi katikati ya chumba. Alinisalimu "Mbukwenyi." Nikamjibu "Mbukwenyi." Akaliweka koti chini.

Nilimwambia jibu langu la Jumamosi lilikuwa la uongo na la woga, na kwamba nilimdhulumu kwa kumfanya acheke. Nilimwambia silisemi tena lile neno kama mtani, nalisema kama Zakaria, na kwamba naona aibu mbele yako kwa kulisema na naona aibu mbele yake kwa kutolisema. Nilisema vibaya, Yona. Mimi niliyewafundisha wenzangu kupanga hoja, nilirudia maneno kama mtoto.

Hakucheka. Aliweka mkono juu ya sanduku.

Kisha akasema, "Hapa siwezi kukujibu. Hii ni nyumba ya Yona, na hicho ulichokalia ni kiti chake." Nikainuka mara moja. Akasema, "Keti, sijakufukuza. Nasema tu kwamba humu ndani nikisema ndiyo nitamwona amesimama pale, na nikisema hapana nitakuwa nimesema kwa sababu yake. Nakwenda Dodoma, waliko kaka zangu. Mtu mwenye neno atanifuata huko, aliseme mbele yao, nao watamtazama usoni."

Nikamwuliza, nikija nitapokewa?

"Sijui," akasema. "Mimi nami nina ya kwangu ya kuzungumza na Yona. Unadhani ni wewe peke yako uliyefurahi Jumamosi?"

Hilo nimelibeba mpaka nyumbani, na bado sijajua pa kuliweka. Nilidhani hatia ni yangu peke yangu. Kumbe siku ile nzima, pale kwenye mafiga na pale bwawani, tulikuwa wawili tunaokukimbia, kila mmoja akidhani mwenzake anacheka tu.

Basi hivi ndivyo mambo yalivyo. Kesho nitampeleka stesheni, mimi na Tabitha na Lazaro. Sitasema la kuchekesha. Mavuno yakiisha nitapanda treni kwenda Ugogo, nikalisema neno langu mbele ya kaka zake. Wakikataa, au yeye akikataa, nitarudi Tabora na hutanisikia nikilalamika. Akikubali, hakuna siku jina lako litakalofichwa ndani ya nyumba ile. Tutakutaja mezani, na kila mmoja wetu atakuwa na haki ya kukulilia mbele ya mwenzake. Hiyo ni ahadi, na naiandika kwa mkono wangu nikiwa na akili timamu.

Sikuombi ruhusa. Ruhusa huombwa kwa anayeweza kukataa, nami sitaki kujidanganya kwamba kimya chako ni kukubali. Wala sikuombi unisamehe sasa. Nimekueleza tu, kwa sababu wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kabla ya watu wote, na umekuwa wa mwisho.

Pumzika, Yona. Nitapita kabla ya mavuno kung'oa magugu na kunyoosha mawe. Lakini hatia hii sitakuachia kaburini uilinde. Ni yangu, na siku nitakayopanda treni nitapanda nayo.

Ni mimi,
Zakaria